Makato ya mashine ya kadi yawekewe ukomo

Mhariri,

Nina duka la vyombo Kariakoo. Juzi mteja alinunua sufuria za Sh100,000 akalipa kwa kadi. Faida yangu hapo ni Sh6,000. Benki ikakata Sh3,000. Nusu nzima imekwenda, na kodi ya pango bado, umeme bado. Jirani yangu keshaifunika mashine yake kwa kitambaa, anataka taslimu tu.

Umoja wa Ulaya ulilishughulikia hili. Tangu Desemba 2015, ada ambayo benki ya mfanyabiashara huilipa benki ya mwenye kadi, nayo ni sehemu ya makato kama haya, haizidi asilimia 0.2 kwa kadi za debiti za watu binafsi, na 0.3 kwa za mkopo. Naiomba Benki Kuu nayo iyabane makato yetu, tena tuonyeshwe kila muamala nani kachukua kiasi gani.

Mwenye duka,
Dar es Salaam