Risala ya Kikundi cha Watu Wanaoishi na Homa ya Ini kwa Mgeni Rasmi, Tanga

Ndugu Mgeni Rasmi, viongozi wa dini na wa mitaa, wahudumu wa afya na wanachama wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha hapa Ngamiani katika maadhimisho ya Siku ya Homa ya Ini Duniani, inayoadhimishwa kila Julai 28, tarehe aliyozaliwa Baruch Blumberg, mwanasayansi wa Marekani aliyegundua kirusi cha homa ya ini aina ya B, aina tunayoishi nayo sisi. Leo tungependa kukueleza habari ambayo kipimo cha damu hakiionyeshi.

Ndugu Mgeni Rasmi, wengi wetu tulioanzishiwa dawa tunameza kidonge kimoja cha tenofovia kila siku. Kidonge hicho hakiondoi virusi mwilini, bali huvizuia visizaliane, na mtu akikiacha ghafla virusi vinaweza kuamka na kuliumiza ini vibaya, pengine hadi likashindwa kufanya kazi. Haya tumefundishwa kliniki na tunayajua, na bado wapo miongoni mwetu walioacha. Hawakusahau wala hawakudharau.

Mwenzetu mmoja, mama anayeuza samaki, hukijaza pamba kichupa chake ili vidonge visilie ndani ya mkoba akiwa kwenye daladala. Tenofovia imo pia katika dawa za kufubaza VVU. Wifi yake alikiona kichupa, akaitambua dawa, na habari ikatembea mtaa mzima. Tangu siku hiyo alitengewa sahani yake na kikombe chake, ilhali homa hii ya ini haiambukizwi kwa kula pamoja wala kupeana mkono, bali kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, hasa wakati wa kujifungua. Alikaa miezi mitatu bila dawa. Kliniki alisema amesahau. Sisi alitwambia kwamba kila akikifungua kichupa kile aliisikia sauti ya wifi yake.

Wapo pia vijana ambao, wakiambiwa watameza dawa pengine maisha yao yote na hali hawajisikii kuumwa popote, hurudi nyumbani wakijihesabu wafu. Kijana hali, halali, anajitenga, na mwingine hukimbilia pombe, ambayo kwa ini lenye virusi ni kuongeza moto. Hiyo ni sonona, nayo inatibika, lakini mara nyingi tunatolewa damu na kupewa tarehe ya kurudi bila kuulizwa usingizi ukoje. Wahudumu hatuwalaumu, foleni tunaiona.

Kwa upande wetu, mwanachama akikosa mkutano hufuatwa nyumbani na mtu mmoja, na swali la kwanza haliwi la dawa. Mama tuliyemtaja alirudi kwenye matibabu baada ya mwenzake kuketi naye kwenye mkeka, akameza kidonge chake mbele yake, kisha wakaongozana kliniki.

Tunaomba, Ndugu Mgeni Rasmi, siku za kliniki ya ini awepo mshauri nasaha, na mgonjwa aonane naye kabla ya kukabidhiwa kichupa cha kwanza. Tunaomba pia wenza na jamaa zetu wapimwe, na wasio na maambukizi wachanjwe, kwa kuwa chanjo wanayopata watoto wetu watu wazima wengi hatukuipata. Wifi aliyechanjwa hana haja ya kutenga sahani.

Tunaomba kuwasilisha.