Kikomo cha kuwatumia wachezaji kibaki katika ligi yetu ya besiboli ya mezani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nimjibu msomaji mwenzangu wa Lindi, ambaye katika barua uliyoichapisha wiki iliyopita alitaka ligi yetu ya besiboli ya mezani ifute kanuni inayoweka kikomo cha kumtumia mchezaji. Nimeisoma barua yake kwa makini, kwa kuwa imeandikwa kwa nia njema na mtu anayeujua mchezo, lakini sikubaliani nayo. Naamini kwamba kanuni anayotaka ifutwe ndiyo inayoufanya mchezo huu uwe wa kupima akili ya kocha, na pasipo kanuni hiyo ushindi utakuwa wa yule aliyewahi kuokota kadi nzuri.

Kwa wasomaji wasioufahamu, besiboli ya mezani huchezwa kwa kadi na dadu, au kwa programu ya kompyuta inayofanya kazi hiyohiyo. Kila kadi inamwakilisha mchezaji wa kweli wa ligi kuu ya Marekani katika msimu mmoja aliocheza, na namba zilizomo zimekokotolewa kutokana na takwimu zake za msimu huo, ili mpigaji (anayeupiga mpira kwa gongo) aliyekuwa hodari uwanjani awe hodari mezani na mrushaji (anayemrushia mpira huo) aliyekuwa dhaifu abaki dhaifu. Si jambo jipya: APBA ilianza kuuzwa mwaka 1951 na Strat-O-Matic mwaka 1961. Ligi yetu ina makocha wa Mtwara mjini, Mikindani, Masasi na Lindi, ambao huchagua wachezaji kutoka msimu wowote wa nyuma na kucheza mechi 54 kila timu, yaani theluthi moja ya mechi 162 zinazochezwa na kila timu ya ligi kuu kule Marekani. Kanuni inayobishaniwa inasema kwamba mchezaji asitumike kupita kiasi alichotumika kweli katika msimu wa kadi yake, baada ya kiasi hicho kulinganishwa na urefu wa ligi yetu na kuongezwa asilimia 10.

Sababu ya kanuni hiyo ni kwamba kadi haichoki wala haiumii. Binadamu aliyezaa takwimu zile alipumzishwa, aliugua, alikaa benchi alipokutana na warushaji waliomshinda, na pengine aliitwa timu kubwa mwishoni mwa msimu akacheza majuma machache ya neema. Kadi yake imebeba neema hiyo bila kubeba mipaka yake. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Shane Spencer wa New York Yankees mwaka 1998. Katika zamu 67 za kupiga alipata wastani wa 0.373, yaani alifika kituoni kwa mpigo wake katika zamu 37 hivi kwa kila 100, na akaupiga mpira nje ya uwanja mara 10. Ukimpa mtu huyo zamu 600 za msimu mzima kwa kasi ileile, atafikisha mipigo ya nje ya uwanja inayokaribia 90, ilhali rekodi ya ligi kuu, aliyoiweka Barry Bonds mwaka 2001, ni 73. Spencer mwenyewe msimu uliofuata wastani wake ulishuka chini ya 0.240. Kumpa nafasi ya kudumu mezani kwa sababu ya zamu zile 67 ni sawa na kulipanga daraja gunia zima la korosho kwa kiganja kimoja kilichochotwa juu, jambo ambalo hakuna mkulima wa Newala au Tandahimba angelikubali ghalani. Kwa kanuni yetu Spencer anapata zamu zisizozidi 25 katika mechi 54, na kocha wake analazimika kujiuliza azitumie lini: aanze naye mapema, au amtunze kwa duru za mwisho za mechi ngumu (mechi moja ina duru tisa, na katika kila duru kila timu hupata nafasi ya kupiga)?

Vivyo hivyo Bob Hazle, aliyeitwa na Milwaukee Braves katikati ya msimu wa 1957 na kupiga kwa wastani wa 0.403 katika zamu 134. Mwaka uliofuata aliuzwa Detroit, na baada ya 1958 hakuonekana tena ligi kuu. Ligi isiyo na kikomo itajaa akina Hazle na Spencer, na wapigaji wakubwa waliobeba timu zao mwezi hadi mwezi watabaki kwenye boksi la kadi, maana ni wachache mno waliocheza msimu mzima wanaoweza kushindana na mtu wa majuma machache ya bahati.

Kwa warushaji hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mrushaji mmoja anaitawala mechi kuliko mpigaji yeyote. Bob Gibson wa St. Louis Cardinals mwaka 1968 aliruhusu wastani wa alama 1.12 kwa kila duru tisa, naye alirusha duru 304 na theluthi mbili. Theluthi ya duru hizo ni karibu 102, na kwa nyongeza ya asilimia 10 zinakuwa karibu 112. Timu yetu inahitaji duru 486 kwa mechi 54. Kocha mwenye Gibson bado anadaiwa duru 374, na hapo ndipo anapoonekana kama alichagua kikosi au alichagua jina moja. Tukifuta kikomo, Gibson ataanza mechi kila baada ya siku moja, mwenzake mmoja atajaza pengo, na warushaji wengine wote hawatakuwa na kazi.

Msomaji wa Lindi alipendekeza kwamba, ikiwa lazima kikomo kiwepo, basi kiwe kimoja kwa wote, mathalani duru 70 kwa kila mrushaji. Pendekezo hilo ni rahisi kulihesabu, lakini linawaonea wanaostahili na kuwapendelea wasiostahili. Wilbur Wood wa Chicago White Sox alianza mechi 49 mwaka 1972 na kurusha duru 376 na theluthi mbili, kwa kuwa urushaji wake wa taratibu, usiozungusha mpira, haukuuchosha mkono kama ule wa kasi. Mike Marshall wa Los Angeles Dodgers aliingia katika mechi 106 mwaka 1974, zote akiwa mrushaji wa akiba, na bado hakuna aliyeifikia rekodi hiyo. Uvumilivu wao ulikuwa kipaji, sawa na kasi ya mwingine, na kocha aliyewachagua kwa ajili ya uvumilivu huo ana haki ya kuutumia. Kikomo cha haki ni kile kinachotoka katika msimu wa mchezaji mwenyewe.

Pamoja na hayo, sitetei kila neno la kanuni kama ilivyo sasa. Ina kasoro tatu, na nadhani malalamiko mengi ninayoyasikia kwa wenzangu yanatokana na kasoro hizo, wala si kikomo chenyewe.

Ya kwanza ni kwamba tunagawanya kwa tatu bila kutazama msimu wa kadi ulikuwa na urefu gani. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ratiba ya kila timu ilikuwa ya mechi 60 tu. Shane Bieber wa Cleveland alirusha duru 77 na theluthi moja msimu huo na akatangazwa mrushaji bora wa ligi yake. Kwa kugawanya kwa tatu anapata duru 26 hivi, kana kwamba alikuwa mrushaji wa kuokoteza, wakati ambapo kwa mechi 54 kati ya 60 anastahili duru zinazokaribia 70. Hesabu sahihi ni kuchukua mechi zetu 54 na kuzigawanya kwa mechi za ratiba ya mwaka husika, iwe 60, iwe 154 kama ilivyokuwa kabla ya miaka ya 1960, au iwe 162.

Ya pili, tunahesabu zile zamu tu ambazo takwimu rasmi huzitambua kuwa za kupiga, na kuziacha zile ambazo mpigaji alisogezwa kituo cha kwanza bure baada ya kurushiwa mipira minne mibaya. Kwa wachezaji wengi tofauti ni ndogo, lakini mtazame Bonds wa mwaka 2004. Alisimama kupiga mara 617, na kati ya hizo zamu zinazohesabiwa ni 373 tu, kwa sababu alipewa kituo bure mara 232, ambazo 120 kati yake zilikuwa za makusudi kabisa kwa kumwogopa. Sasa kocha mpinzani mezani akiamua kutomwogopa na kumrushia kila mara, zamu za Bonds zinazohesabiwa zitakwisha upesi kabla ya ligi kufika ukingoni, na mwenye Bonds atampoteza mchezaji ambaye mwaka ule alicheza mechi 147. Tukihesabu kila aliposimama kupiga, hila hiyo inakufa.

Ya tatu ndiyo inayoniuma kuliko zote. Kwa sasa ukaguzi hufanyika mwisho wa ligi, na aliyevuka kikomo hupunguziwa nafasi za kuchagua wachezaji wa msimu unaofuata. Adhabu hiyo inamgusa mkosaji, lakini haimrudishii chochote aliyefungwa na mrushaji ambaye kwa haki alipaswa kuwa amepumzika. Nimeshuhudia kocha akiingia hatua ya mtoano kwa ushindi wa namna hiyo, na aliyekosa nafasi akaambiwa asubiri mwakani. Napendekeza hesabu ifungwe kila baada ya mechi tisa, kila kocha atume jedwali lake kwenye kundi letu la simu, na mchezaji aliyefikia kikomo aondolewe kikosini hapohapo kama mgonjwa, ili kusiwe na haja ya adhabu. Na hatua ya mtoano iwe na mgao wake mdogo kwa uwiano uleule, usioruhusu Spencer wa zamu 25 kuzaliwa upya na kucheza kila mechi.

Msomaji mwenzangu aliandika kuwa hesabu hizi ni mzigo. Ni kweli zinahitaji uangalifu, lakini kila mechi tayari huandikwa duru kwa duru katika karatasi ya matokeo, na kujumlisha safu mbili baada ya mechi tisa ni kazi ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anaimudu. Aliandika pia kwamba kikomo kinamnyima kocha uhuru. Hakuna kocha mwenye uhuru usio na mpaka katika mchezo wowote. Anayekwenda uwanja wa Nangwanda Sijaona kutazama soka anajua kwamba kocha ana idadi maalumu ya wachezaji wa kubadilisha, na katika besiboli yenyewe mchezaji aliyetolewa haruhusiwi kurudi katika mechi ile. Makocha wa ligi kuu ya Marekani wanaishi na kikosi cha watu 26, na ustadi wao unaonekana katika namna wanavyomtumia mtu wa ishirini na mbili au wa ishirini na tatu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo barua ya Lindi ililipita haraka iliposema kwamba mezani hakuna anayeumia. Vijana wengi wanaojifunza mchezo huu kwetu wanaujua kwanza kupitia kadi, na baadhi yao wanatamani kufika Dar es Salaam kwenye mashindano ya shule yanayoitwa Tanzania Koshien, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Wajapani. Kule Japani, tangu mwaka 2020, mrushaji wa shule ya sekondari haruhusiwi kurusha zaidi ya mipira 500 kwa wiki katika mashindano. Katika mashindano ya mataifa ya besiboli, World Baseball Classic, ya mwaka 2023 mrushaji aliruhusiwa mipira 65 hatua ya makundi, 80 robo fainali na 95 kuanzia nusu fainali. Ligi ya watoto ya Marekani iliyo kubwa kuliko zote, Little League, iliacha kuhesabu duru na kuanza kuhesabu mipira mwaka 2007, kwa ajili ya kulinda viwiko na mabega ya watoto. Kijana aliyezoea mezani kwamba mrushaji bora anaweza kuanza kila siku ataingia uwanjani na fikra hiyohiyo, na kocha kijana mwenye fikra hiyo ni hatari kwa mkono wa mwenzake.

Makocha watakutana kabla ya uchaguzi wa wachezaji wa msimu ujao, na kwa mujibu wa taratibu zetu kanuni hubadilishwa kwa kura ya wengi. Nawaomba wapige kura ya kukibakiza kikomo pamoja na nyongeza yake ya asilimia 10, wakifanye kitokane na urefu wa msimu wa kila kadi, wahesabu kila mara mpigaji anaposimama kupiga, na waipokee hesabu ya kila mechi tisa. Nami niko tayari kuandaa majedwali ya timu zote kwa mkono wangu hadi mechi ya mwisho, na ndugu yangu wa Lindi akikubali, ningependa tuyakague pamoja.

Msomaji wako,
Mikindani, Mtwara