Miche ya tishu ya michikichi ipimwe kabla haijamfikia mkulima

Mhariri,

Toleo lenu la wiki iliyopita lilikuwa na makala kuhusu miche inayokuzwa maabara kwa tishu. Mwandishi aliwaambia wakulima wa michikichi kwamba mche wa namna hiyo hufanana na mti mama kwa kila kitu, hivyo anayenunua hana cha kuhofia. Naomba nafasi nimpinge.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Kigoma, na nyumbani kwetu Simbo mawese ndiyo yaliyonisomesha. Tulikuwa na miti ya zamani, dura, yenye kokwa nene na nyama kidogo. Mama alichemsha chikichi kutwa nzima, na mafuta yaliyotoka hayakulingana na kuni alizochoma. Leo majirani wanapanda tenera, chotara wa dura na aina nyingine iitwayo pisifera, mwenye kokwa nyembamba na nyama nyingi. Tatizo ni kwamba mbegu iliyookotwa chini ya tenera haimrudishii mtu tenera. Tenera wakichavushana wenyewe kwa wenyewe, kwa wastani nusu tu ya watoto huwa tenera. Robo hurudi kuwa dura, na robo nyingine ni pisifera, ambayo kwa kawaida haizai matunda ya maana. Tena mchikichi una ncha moja tu ya kukulia, hautoi machipukizi ya kung'oa na kupanda kwingine. Ndiyo maana wazo la kuchukua tishu ya mti unaozaa kuliko yote shambani, na kupata maelfu ya miche kutoka kwake, linavutia sana. Linanivutia hata mimi.

Lakini lilishajaribiwa. Maabara za Uingereza na Ufaransa zilianza kazi hiyo miaka ya 1970, na Malaysia nayo ikaingia. Kitaluni miche ilipendeza. Ilipofika umri wa kuzaa, baadhi ya miti ikatoa maua yasiyo ya kawaida: ndani ya ua la kike, viungo ambavyo asili yake ni ya kiume viligeuka vikawa vya kike, vikaota nyama na kulizunguka tunda. Matunda mengi ya miti hiyo hayakukomaa, na mafuta yakashuka vibaya. Fikiria mkulima aliyepalilia na kutia mbolea miaka mitatu ndipo agundue hilo, na ardhi yenyewe ameshaijaza.

Watafiti walitafuta kosa katika mpangilio wa DNA wa miti hiyo kwa miaka mingi wasilione. Jibu lilitoka mwaka 2015 katika jarida la Nature, kwa kazi iliyoongozwa na Meilina Ong-Abdullah wa Bodi ya Mafuta ya Mawese ya Malaysia, akishirikiana na wenzake akiwemo Robert Martienssen wa maabara ya Cold Spring Harbor, Marekani. Walikuta kwamba ndani ya jeni inayopanga viungo vya ua, iitwayo DEFICIENS, kimejibanza kipande cha DNA cha aina inayoweza kujinakili na kuhamia kwingine. Wamekiita Karma. Katika mti wenye afya kipande hicho kimejaa alama za methili, yaani vikundi vidogo vya kikemikali vinavyobandikwa juu ya DNA, nacho hutulia. Katika mti mbovu alama hizo zimepotea. Seli inaposoma jeni, badala ya kukiruka kipande hicho, inakiunganisha na kukomea njiani, na ujumbe unaotoka ni mfupi, usiokamilika. Mpangilio wa DNA ni uleule, lakini ua limeharibika.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Wanafunzi wetu huandika kwenye mtihani kwamba mmea uliozalishwa bila mbegu ni sawasawa na mzazi wake, nasi tunawapa alama. Tungepaswa kuwaambia zaidi. Juu ya sitosini, moja ya besi nne za DNA, mmea huweza kubandika kikundi kidogo cha methili. Kimeng'enya kiitwacho MET1 hunakili alama hizo kila seli inapogawanyika, na RNA fupi sana huelekeza mahali pa kubandika alama mpya, hasa juu ya vipande vinavyohamahama kama Karma. Kimeng'enya kingine, ROS1, huziondoa.

Linalonistaajabisha zaidi ni jinsi mmea unavyojua alama zimetosha. Katika Arabidopsis, gugu dogo la jamii ya kabichi linalopendwa na maabara, mbele ya jeni ya ROS1 kuna sehemu fupi inayofanya kazi kinyume na mazoea: kwingi alama za methili zikijaa mbele ya jeni, jeni hunyamaza, lakini hapa zikijaa, jeni huamka. Kwa hiyo alama zikizidi, kiondoaji huongezeka, na zikipungua, nacho hupungua, kama boya la tangi linavyofunga na kufungua bomba kufuata maji yalipofika. Mmea unajipima wenyewe kwa kutumia jeni moja.

Sasa mchukue mmea huo, uvunje mpangilio wa seli zake, uzikalishe kwenye chupa yenye homoni kwa miezi mingi zikiwa bonge lisilo jani wala mzizi. Huko ndiko Karma ilikopoteza alama zake katika baadhi ya miche. Baadhi ya miti hiyo hujirudi baadaye ikazaa vizuri, lakini mkulima hawezi kupanga maisha kwa kutegemea hilo.

Huku kwetu kila mkutano wa michikichi lazima mtu asimame aseme Malaysia walichukua mbegu Kigoma. Kumbukumbu zinaeleza kwamba mashamba ya Asia ya Kusini-Mashariki yalitokana kwa kiasi kikubwa na miti minne iliyopandwa Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848. Tuliache jambo hilo. Kuna ujuzi wao ambao tungefaidika nao zaidi ya kuwadai: kipande kidogo cha jani, kikitolewa mche ukiwa bado kitaluni, kinatosha kupima alama za Karma na kuutenga mche mbovu mapema.

Miche ya tenera inayotokana na mbegu, kama ile ya kituo cha Kihinga cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo nchini, haimo katika hoja yangu. Nazungumzia miche ya tishu, atakayeileta na awe nani. Naomba mamlaka zinazosimamia mbegu ziweke sharti kwamba hakuna kundi la miche hiyo linalouzwa bila kuonyesha mti mama na majibu ya kipimo cha Karma, yameandikwa kwa Kiswahili anachokisoma mkulima wa Simbo. Na mwandishi wenu akirudi kwenye mada hii, amuulize mzalishaji kuhusu kipimo hicho kabla hajamuuliza bei.

Mwalimu wa Baiolojia,
Kigoma