Barua kwa wanaoachia fimbo na wanaoipokea

Wanangu wa vikosi vya ngoma na tarumbeta, wa makanisani, mashuleni na madrasani, pamoja nanyi ndugu zangu wakongwe ambao gwaride likipita bado vidole vinawacheza mapajani,

Salamu nyingi.

Nawaandikia nyote barua moja, maana mngepata mbili kila upande ungesema yake ndiyo iliyoupa haki. Kikosi kinapobadili uongozi, lawama huwa zile zile. Vijana husema wakongwe hawataki kuachia, na wakongwe husema vijana wameiua bendi. Watu hugombania rangi ya sare na wimbo wa kufungulia, huku hakuna anayeuliza ufunguo wa stoo uko kwa nani. Ombi langu kwenu ni kwamba makabidhiano yawe kazi yenye tarehe na orodha. Mkishayamaliza, mtabishana juu ya sare kwa amani.

Kiongozi anayeondoka hubeba vitu bila kujua. Chukueni ile spana ndogo ya kukazia ngoma. Bei yake si kitu, lakini hukaa kwenye funguo za dramu meja, yule mwenye fimbo anayeongoza gwaride, naye akihama mji inahama naye. Ngozi ikilegea, kijana anatafuta koleo na kukaza bolti moja mpaka mwisho kabla hajagusa nyingine. Pete inapinda, ngozi inaweka mkunjo upande mmoja, na meno ya bolti yanalika. Anayeijua kazi hukaza kwa msalaba: bolti hii, kisha ile inayoitazama ng'ambo, robo mzunguko kila mara. Hugonga taratibu kama inchi moja kutoka ukingoni, mbele ya kila bolti, mpaka sauti zifanane pande zote. Ngozi ya chini ya ngoma ndogo, ile inayoguswa na waya za mlio, ni nyembamba kuliko ya juu, kwa hiyo ngoma isiwekwe sakafuni penye kokoto. Huku pwani hewa ya chumvi hula chuma haraka, basi kila mnapobadili ngozi toeni bolti zote, zifuteni, mzitie tone la mafuta. Mrithi wenu asijifunze haya kwa kuharibu ngoma.

Kinachofuata ni mapigo. Vikosi vingi vya kwetu vilirithi mwendo wa Kiingereza, hasa kupitia Boys' Brigade, iliyoanzishwa Glasgow mwaka 1883: roli mbili (mapigo ya ngoma ya mfululizo) za hatua tatu tatu, kisha wimbo unaingia. Lakini kila kikosi kimeongeza vyake, na vingi havijaandikwa popote. Kabla dramu meja hajaondoka, mrekodini kwa simu mbili, moja ikitazama mikono na nyingine miguu, huku mtu akihesabu kwa sauti. Kila pigo lichezwe kwanza polepole, mapigo 80 kwa dakika, kisha kwa mwendo wa gwaride, hatua 120. Mkiandika karatasini, chora mistari miwili, wa juu uwe mkono wa kulia na wa chini wa kushoto. Msitumie herufi L kwa kulia, kwa sababu aliyezoea nota za Kiingereza, ambako L ni left, ataipiga kwa kushoto. Ishara za fimbo ya dramu meja nazo zirekodiwe moja moja: kuanza, kugeuka, kukata wimbo, kusimama. Ishara ya kukata ndiyo inayosahaulika zaidi, na ikikosewa nusu ya kikosi hunyamaza na nusu huendelea mbele ya mgeni wa heshima.

Hapa naomba mnisikilize sana: msibadili dramu meja na mpiga ngoma kubwa katika msimu mmoja. Watu hudhani mwendo unashikwa na mwenye fimbo. Yeye huuanzisha, lakini anayeushika ni mwenye ngoma kubwa. Kikosi hukimbia kinapokaribia jukwaa, kwa sababu ya furaha na woga, na mpiga ngoma kubwa mgeni hukimbia nacho. Akiwepo mzoefu, dramu meja mpya anaweza kukosea mara tatu na watazamaji wasijue.

Miezi mitatu yatosha. Mwezi wa kwanza mpya asimame kando ya wa zamani. Wa pili aongoze yeye, wa zamani akae kando bila kusema mpaka mazoezi yaishe. Wa tatu wa zamani asije kabisa, ila simu yake iwe wazi. Chagueni majira yasiyo na shughuli kubwa. Kenya, bendi inayopiga gwaride Pasaka na Madaraka Dei ya Juni ikabidhiane Januari. Ya madrasa ingoje zafa, yale maandamano ya Maulidi, zipite, ianze Mfungo Saba, mwezi wa Kiislamu unaofuata. Kumpa mtu fimbo wiki mbili kabla ya gwaride ni kumtayarishia aibu, na wapo wanaofanya hivyo kwa makusudi.

Sasa nanyi wakongwe. Najua mnavyoipenda bendi. Kwenye sherehe za kuadhimisha miaka ya kikosi mnaomba kuingia safu, na mnawekwa nyuma kwa heshima. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Safu ikiwa na urefu wa mita 30, aliye mwisho husikia kilichopigwa mbele baada ya karibu sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa mwendo wa hatua 120, pigo moja ni nusu sekunde, hivyo mnaofuata sikio huchelewa karibu sehemu ya tano au ya sita ya pigo. Mbele wanadhani mnaburuta, nanyi mnadhani wanakimbia, na maneno yanaanzia hapo. Ngoma zikae katikati au nyuma ya safu ili wapulizaji walio mbele ya ngoma wazisikie zikitokea mgongoni, na ninyi mfuate miguu ya walio mbele yenu. Mazoezi mawili ya pamoja kabla ya siku yenyewe ni lazima, hata kwa aliyewahi kuwa dramu meja miaka kumi.

Vijana nao wana lao. Wameona video za vikosi vya Marekani, ile sauti kavu na kali kama mbao zikigongana, wakaitaka. Sauti ile hutoka kwenye ngozi za kevla (nyuzi ngumu sana za kiwandani) zilizokazwa mno, juu ya ngoma zilizotengenezwa zibebe mkazo huo. Kevla haivutiki kama plastiki, nguvu yote huenda kwenye mwili wa ngoma. Ukiitia kwenye ngoma ya mbao ya zamani na kuikaza hivyo, viungo vya bolti hung'oka na mbao hupinda. Mkongwe akikataza, aseme sababu hii, asiseme tu kwamba sisi hatukufanya hivyo. Kijana akieleweshwa kuhusu bolti atakubali. Akiambiwa kuhusu heshima ya wazee, atangoja uondoke.

Huko Marekani penyewe mabadiliko yamegombaniwa sana. Mashindano yao makubwa ya vikosi vya ngoma na tarumbeta, ya DCI (Drum Corps International), yalianza mwaka 1972 kwa baragumu za ufunguo wa muziki wa G peke yake. Mwaka 2000 wakaruhusu funguo nyingine, 2004 vipaza sauti, 2009 vyombo vya elektroniki, na kila mara wako wakongwe waliosema mchezo umekwisha. Haukwisha. Kilichofunga kikosi cha The Cadets kilikuwa kingine. Kilianzishwa mwaka 1934 katika parokia ya Kikatoliki huko Garfield, New Jersey, kikachukua ubingwa wa DCI mara kumi. Mwaka 2018 mkurugenzi wake wa miaka mingi alijiuzulu kufuatia tuhuma za unyanyasaji wa kijinsia. Mwaka 2024, katika mwaka wake wa 90, kikatangaza kufunga, kikilemewa na gharama za kesi ya tuhuma za unyanyasaji.

Naomba mlitafakari hilo bila kulificha. Mtu mmoja akishika mafunzo, safari, fedha na sifa ya kikosi kwa miongo, wanaompenda huona tabu kumuuliza. Uaminifu wenu wakongwe muuweke hapo kwenye kuuliza. Kiongozi awe na kipindi kinachojulikana, miaka minne kwa mfano. Mtoto asisafiri wala kufundishwa peke yake na mtu mzima mmoja. Lalamiko lipelekwe kwa mtu asiye mwalimu wa bendi, na jina lake libandikwe mlangoni.

Fedha nitazisema kwa ufupi. Waweka saini benki wawe watatu na hundi itoke kwa saini mbili, moja ya kijana aliye kikosini sasa mwenye umri unaoruhusiwa. Mabadiliko ya saini yafanywe wiki ile ile ya makabidhiano, kwani akaunti nyingi hukwama kwa sababu msaini yuko ng'ambo au amefariki. Mchango wa kundi la wakongwe uandikiwe kazi yake, kama ngozi, viatu au ukarabati wa tarumbeta, wala usiambatane na sharti la nani awe kiongozi. Kila chombo kipigwe picha pamoja na namba yake, na pawepo jina la anayekaa nacho. Ngoma iliyo sebuleni kwa mkongwe kama kumbukumbu bado ni mali ya kikosi, irudi.

Siku yenyewe orodha isomwe kwa sauti mbele ya wote, kila ngoma igeuzwe chini juu ikaguliwe, na kasoro ziandikwe hapo hapo. Nunueni spana tatu, moja kwa dramu meja mpya, moja kwa mpiga ngoma kubwa, na ya tatu ifungwe kwa kamba kwenye mlango wa stoo. Anayeondoka akishatoa fimbo, avue mkanda, aende upande wa watazamaji, na wimbo wa kwanza aanzishe mwingine akiwa bado hajafika kitini.

Mzee wenu wa ngoma kubwa