Bakteria Yumo Kwenye Chakula, Lakini Je, Ana Jeni za Sumu?

Jibu la maabara likisema tu "Bacillus cereus ameonekana", mwenye jiko bado hajui pa kuanzia. Bakteria huyu anatoka udongoni na hukutwa kwenye nafaka, viungo na maziwa ya unga. La kuuliza ni amebeba jeni gani.

Mwenye jeni za ces hutengeneza sereulidi, sumu ya kutapisha. Sumu hii hutengenezwa ndani ya chakula kilichoachwa kwenye joto la kawaida, na mlaji hutapika kati ya nusu saa na saa 6. Hapo kupasha moto hakumwokoi mtu, maana sereulidi hustahimili hata nyuzijoto 121. Kosa lilitokea wakati wa kupoza. Wenye hbl, nhe au cytK huleta kuhara, mara nyingi baada ya saa 6 hadi 15: wanamezwa wakiwa hai na kutoa sumu ndani ya utumbo mwembamba. Hawa, chakula kikipashwa hadi kuchemka vizuri kabla ya kuliwa, hupungua sana.

Katika maabara yetu tunachanganya gramu 25 za chakula na mililita 225 za maji ya peptoni (maji yenye virutubisho vya bakteria), tunazimua mara kumi kumi, kisha tunapanda kwenye sahani za kukuzia bakteria na kuziacha kwenye nyuzijoto 30 kwa saa 24 hadi 48. Kwenye sahani ya MYP, yaani yenye rojo maalumu la kumtambua Bacillus cereus, koloni zake (vikundi vya bakteria vinavyoonekana kwa macho) ni za waridi, kavu, zimezungukwa na ukungu mweupe. Tunachukua koloni 5, kamwe si moja, kwa sababu sahani moja inaweza kuwa na mwenye ces na asiye nayo wakiwa ubavu kwa ubavu. Kisha DNA yao inapitishwa kwenye PCR, kipimo kinachonakili jeni inayotafutwa mara nyingi hadi ionekane.

Kila mara tunaweka pia DNA ya bakteria anayejulikana kuwa na jeni hiyo, maji matupu, na kidhibiti ndani ya kila kichupa, yaani DNA ambayo lazima ionekane kipimo kikifanya kazi. Mafuta au kalsiamu ya chakula ikikwamisha kimeng'enya kinachonakili DNA, kidhibiti hicho nacho hakionekani, na sisi hatuandiki "hakuna": tunasafisha DNA na kurudia.

Tunasisitiza hili kwa kila mteja: jeni si sumu. Bakteria anaweza kuwa nayo na asitengeneze chochote. Pia chakula kilichochemshwa upya kinaweza kuwa na bakteria wafu na sumu iliyobaki, hivyo sahani ikabaki tupu. Hapo tunapima sereulidi yenyewe.

Tuletee angalau gramu 100 za mabaki, kwenye chombo kilichotakaswa, zikiwa baridi bila kugandishwa, ndani ya saa 24. Ukigandisha, Clostridium perfringens, bakteria mwingine anayeharisha, hufa kwa wingi na ushahidi hupotea. Andika saa chakula kilipoiva, saa kilipoliwa, na saa mtu wa kwanza alipoanza kutapika au kuhara. Hizo ndizo zinazotuonyesha tuanze na jeni zipi.