Kabla ya jino la tatu

Ndugu Mhariri,

Nipe nafasi kidogo niseme na madaktari wa meno, na wale wanaoandika fomu za vipimo.

Miaka mitatu iliyopita, nikipiga mswaki, nilipigwa shoti kama ya umeme kwenye shavu la kulia. Haikufika hata nusu dakika. Kesho yake ikarudi nikinywa uji. Baadaye upepo wa feni tu ulitosha. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Tanga, nusu ya mtaa nimeifundisha, na vijana wakinipa shikamoo nikawa naitikia kwa kichwa, maana "marahaba" moja ilikuwa inanitoa machozi. Wakasema mwalimu siku hizi anaringa.

Niling'olewa jino, kisha la pili. Yote mazima, bila tundu. La tatu nilikataa.

Nikapelekwa MRI ya kichwa, kipimo cha picha kinachotumia sumaku. Jibu: hakuna tatizo, labda ni mawazo ya kustaafu. Fomu ile ninayo mpaka leo, imeandikwa "maumivu ya kichwa", basi. Kichwa changu hakijawahi kuniuma!

Daktari wa neva, yaani mishipa ya fahamu, niliyemwona baadaye hakuomba picha kwanza. Aliuliza maumivu yanakujaje, yanakaa muda gani, yanaamshwa na nini. Akasema ugonjwa ameshautambua, ni wa neva ya tano, ile inayoleta hisia za uso. Picha anaitaka aone kinachoisumbua, kama ni uvimbe au mshipa wa damu. Fomu akaijaza mwenyewe: neva ya tano, kulia, vipande vya picha vyenye unene usiofika milimita moja. Kipimo cha kawaida mara nyingi hukata vipande vya milimita tano hivi, na kitu chembamba namna ile hupotea humo.

Nikaoneshwa kwenye kompyuta. Maji ya ubongo yanang'aa meupe, neva imepita humo kama uzi mweusi, na ateri, mshipa wa damu, imeilalia pale inapotokea kwenye shina la ubongo mpaka uzi umepinda. Cha ajabu, hata kushoto, kusikouma kabisa, kuna mshipa umeigusa neva. Daktari akasema wasio na maumivu yoyote pia hukutwa hivyo, ndiyo maana mtu hapasuliwi kwa picha peke yake.

Natumia kabamazepini, ileile ya kifafa (pale duka la dawa jirani yangu alinitazama kwa huruma kweli). Asubuhi inaniyumbisha kidogo, lakini marahaba naitikia. Upasuaji wa kutenganisha ateri na neva kwa kijipande cha tefloni (aina ya plastiki), ambao daktari Peter Jannetta wa Marekani aliueneza tangu miaka ya 1960, bado tunaujadili nyumbani. Mke wangu hataki kusikia.

Ninachoomba ni hiki: mgonjwa akisema shoti, ya sekunde chache, upande mmoja, na jino ni zima, yaandikeni maneno yake hivyohivyo kwenye fomu. Meno yangu mawili nimeyaweka kwenye kikopo cha dawa, anayetaka kuyakagua aje.

Mwalimu mstaafu,
Tanga