Uingereza ya enzi za Warumi haikuwa ya majumba ya matajiri pekee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni kuhusu makala yenu juu ya Uingereza ilipotawaliwa na Warumi, tangu mwaka 43 hadi takriban mwaka 410 Baada ya Kristo. Mwandishi alieleza vizuri majumba ya Fishbourne na Chedworth na sakafu zake za nakshi, lakini hakuwagusa kabisa wakulima wa kawaida, ilhali ndio waliokuwa wengi na ndio waliowalisha askari na watu wa mijini.

Wengi wao waliishi katika maboma madogo yaliyozungushiwa mitaro, na katika maeneo mengi waliendelea kujenga nyumba za msonge kama mababu zao kabla ya Warumi kufika. Nguzo za nyumba hizo zimeoza, ila udongo uliojaza mashimo yake hubaki na rangi tofauti, na ndani ya mitaro hupatikana mifupa ya ng'ombe na kondoo, mawe ya kusagia, vigae na punje za ngano zilizoungua. Yamefukuliwa pia matanuri ya kukaushia nafaka, na katika baadhi yake punje zilikuwa zimeota kabla ya kuungua, dalili kwamba watu walitengeneza kimea cha pombe. Kwangu mimi, punje hizo zina uzito kuliko sakafu yoyote ya nakshi, kwa sababu zinatuonyesha kazi za kila siku za watu ambao hawakuacha maandishi.

Jenerali Pitt-Rivers, mwanaakiolojia Mwingereza, alilitambua hilo mapema: alipochimbua makazi ya wakulima hao huko Woodcutts na Rotherley, kusini mwa Uingereza, katika miaka ya 1880, alihifadhi na kuchora hata vitu vidogo vya kawaida. Hata hivyo, maarifa mengi ya leo yametokana na mwongozo wa serikali ya Uingereza wa mwaka 1990, ambao ulifanya mambo ya kale yazingatiwe kabla ya kibali cha ujenzi kutolewa, na gharama za uchimbaji zikawa za mjenzi. Ujenzi wa barabara na nyumba ukafichua mashamba ambayo pengine hakuna mtafiti angeyatafuta. Baadaye Chuo Kikuu cha Reading na washirika wake walizikusanya taarifa hizo, nyingi zikiwa hazijachapishwa, wakaanza kutoa vitabu mwaka 2016.

Wasomaji wako wengi ni wakulima au watoto wa wakulima. Naomba wapewe makala kamili kuhusu mashamba hayo, pamoja na michoro ya maboma na matanuri yake.

Msomaji wako,
Morogoro